Chemsha Bongo Vyuoni: Nani Anaandika Maswali?

Kila mwaka, muhula unapokaribia ukingoni, barua huanza kuzunguka katika maofisi ya Serikali na ya Chama, Unguja na Pemba, zikiomba mchango wa mashindano ya chemsha bongo ya vyuo. Barua hizo hufanana kama pacha. Mwanzo huwa ni salamu za kazi, katikati huwa ni maelezo juu ya umuhimu wa elimu kwa vijana, na mwisho hufuata jaduweli la gharama. Mwandishi wa safu hii amezipokea nyingi katika miaka ya utumishi wake, na amezisoma kwa makini. Fulana zimo. Turubali na viti vimo. Kikombe na medali vimo, maji ya chupa yamo, mafuta ya gari yamo, kipaza sauti kimo, na chakula cha mgeni rasmi pamoja na ujumbe wake kimewekewa mstari wake peke yake. Kitu kimoja tu hakimo. Hapana hata senti moja iliyotengwa kwa ajili ya maswali.

Utadhani maswali huota yenyewe kama magugu shambani.

Jambo hili si dogo, na mimi ninalisema nikiwa na deni lake shingoni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya maandalizi katika chuo kimoja cha Unguja. Kazi niliyopewa ilikuwa ni kumshughulikia mgeni rasmi, nami niliifanya vizuri: zulia lilitandikwa, ratiba ilichapwa kwa rangi, na gari la mgeni lilipata kivuli. Maswali yaliandikwa usiku wa kuamkia siku yenyewe na mwalimu mmoja, kutoka katika kitabu kimoja, baada ya mwalimu huyo kushinda kutwa nzima akipanga viti pamoja na sisi. Hatukuona ubaya wowote. Nani angeweza kuuona, na sote tulikuwa tumechoka?

Timu ya wanafunzi kutoka Pemba ilifika kwa boti, baadhi yao wakiwa bado wanayumba kwa mawimbi ya mkondo wa Nungwi. Hata hivyo walishinda michezo yao, wakafika fainali. Alama zilikuwa sawa likabaki swali moja: Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati mwaka gani? Msichana wa timu ya Pemba aligonga kengele kwanza, akajibu kwamba ni mwaka 1832. Jaji akatazama karatasi yake, akatikisa kichwa. Timu ya pili ikataja mwaka 1840, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Yule msichana hakukaa. Alisema kwa adabu, "Samahani, Maalim. Vipo vitabu vinavyosema 1832, na kimoja tunakisoma darasani." Jaji akamjibu, "Kaa kitako, mwanangu. Jibu ni hili lililoandikwa hapa."

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele, na nilijua kwamba asemalo ni kweli. Seyyid Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na kasri lake la Mtoni lilikuwa limesimama kabla ya mwaka 1840. Alikuwa akija na kurudi kwa miaka kadhaa, na kwa hiyo waandishi wa historia hawahesabu kuhama kwake tangu siku moja. Wapo wanaoandika 1832, wapo wanaoandika 1840. Aliyeuliza swali lile kwa kutaka tarakimu moja alikuwa ameuliza swali lisilokuwa na jibu moja, kisha akamwadhibu aliyesoma zaidi. Nami nilinyamaza, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa amekwisha kuitazama saa yake mara mbili.

Sisi tuliokaa mkekani utotoni tunayajua mashindano ya kuhifadhi Kurani, na tunajua kwa nini ni nadra watu kugombana humo. Msahafu ni mmoja, na nusu ya waliohudhuria wanaujua. Jaji akikosea, wazee watamrejesha pale pale. Katika elimu ya historia, sayansi na fasihi mambo hayako hivyo. Vitabu ni vingi na vinapingana, na anayeshika karatasi ya majibu huwa ameshika madaraka makubwa bila ya mtu wa kumrejesha. Ndiyo maana wenzetu walioucheza mchezo huu kwa muda mrefu wameuwekea sheria, na si vibaya tukizitazama.

Nchini Marekani mashindano ya namna hii baina ya vyuo vikuu yalianza kutangazwa redioni mwaka 1953 kwa jina la College Bowl, yakaingia katika televisheni mwaka 1959 na kuendelea hadi 1970. Uingereza nayo ilianzisha kipindi chake, University Challenge, mwaka 1962. Kipindi cha Marekani kilipoondoka katika televisheni wanafunzi hawakuuacha mchezo. Waliurudisha madarasani, bila ya taa za studio wala wafadhili. Na walipochoshwa na maswali mabovu, yakiwemo yale yaliyokuwa yakirudiwa kutoka mashindano hadi mashindano, walianza kuandika yao wenyewe. Katika baadhi ya mashindano yao kila timu hutakiwa ije na fungu lake la maswali, yakahaririwa na wakubwa wao, na timu haichezeshwi kwa maswali iliyoyaandika yenyewe. Mwanafunzi aliyeandika maswali ishirini juu ya bahari atakuwa amejifunza bahari kuliko aliyeyajibu. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tubadilishe jaduweli letu la gharama.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Timu mbili za watu wanne wanne hukaa zikitazamana. Msomaji husoma swali la wazi ambalo yeyote anaweza kulijibu, lakini bila ya kushauriana na mwenziwe, na anaruhusiwa kugonga kengele hata kabla swali halijamalizika. Akipata, timu hupewa alama 10 na kufunguliwa maswali matatu ya nyongeza, kila moja kwa alama 10, na hayo hujibiwa kwa mashauriano. Baadhi ya mashindano humpa alama 15 anayejibu mapema sana, na humpunguzia alama 5 anayekatiza swali kisha akakosea. Kwa hiyo mwenye papara hulipa.

Siri yote imo katika mpangilio wa hilo swali la wazi. Halianzi na jambo linalojulikana na kila mtu. Huanza na lile linalojulikana na wachache, likashuka hatua kwa hatua hadi lile ambalo hata mtoto wa skuli atalijua. Mfano wetu wenyewe uwe huu: "Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, na kabla ya kujulikana alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Kwa alama 10, mtaje mwimbaji huyu wa taarabu wa Unguja, binti wa Bwana Saad." Aliyesoma maisha ya Siti atagonga kengele kwenye vyungu. Aliyesikia hadithi za wazee atagonga kwenye Bombay. Aliyelala darasani atangoja mpaka jina la baba, na huenda akapigwa kumbo hapo na wenziwe saba. Swali kama hilo hupima nani anajua zaidi. Swali la "mwaka gani" hupima nani alikisoma kitabu kilekile alichokisoma mwalimu.

Hapa niseme neno la pembeni juu ya lugha yetu. Anayeandika swali hilo kwa Kiingereza hulazimika kusema tangu mstari wa kwanza kama anayezungumzwa ni mume au mke, au ajipindepinde ili alifiche. Kiswahili hakina shida hiyo. Tunasema "alizaliwa", "alisafiri", "alifariki", na siri inabaki ndani hadi pale mwandishi anapotaka kuitoa. Lugha yetu inaufaa mchezo huu mno, na bado vyuo vingi huuliza kwa Kiingereza kwa hoja kwamba ndiyo lugha ya kufundishia. Tunawashauri waandalizi waulize kwa Kiswahili na wapokee jibu kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Lakini jambo hilo liandikwe katika karatasi tangu mapema, si kuachiwa huruma ya msomaji. Chini ya kila swali pawepo mistari mitatu: majibu yanayokubaliwa, majibu yasiyokubaliwa, na majibu ambayo mchezaji atatakiwa aeleze zaidi. Mtu akisema "Karume" tu, kwa mfano, aulizwe ni Karume yupi, kwa kuwa visiwa hivi vimepata marais wawili wa jina hilo, baba na mtoto.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani ndipo kamati zetu zinapoanguka. Chukua timu 12. Zigawe makundi mawili ya timu sita sita. Asubuhi kila timu hukutana na tano za kundi lake, na hiyo ni mizunguko mitano. Mchana timu tatu za juu za kundi hili hukutana na tatu za juu za kundi la pili, na tatu za chini kwa tatu za chini, wakibeba matokeo ya asubuhi kwa wale waliokwisha kukutana. Hiyo ni mizunguko mitatu zaidi, ikifuatiwa na fainali. Jumla ni mizunguko tisa, na hapana timu inayosafiri kutoka Wete au Chake Chake kuja kucheza mchezo mmoja wa nusu saa na kutolewa. Mtindo wetu wa kumtoa aliyefungwa mara moja huokoa muda wa wakubwa na kupoteza nauli za wadogo.

Kila mzunguko unataka bahasha moja yenye maswali 20 ya wazi na mafungu 20 ya nyongeza yenye maswali matatu matatu, yaani maswali 80. Kwa mizunguko tisa, pamoja na bahasha moja ya akiba, ni maswali 800. Mwalimu mmoja hawezi kuyaandika usiku mmoja, hata akiwa bingwa. Lakini waandishi wanane, wakianza miezi mitatu kabla, hawatakuwa na maswali zaidi ya tisa kila mmoja kwa wiki. Yafuate macho ya mhariri mmoja atakayeyalinganisha yasijirudie, yasielemee somo moja, na asipokee jibu lolote lisilokuwa na vitabu viwili vinavyolikubali. Kama mhariri huyo angalikuwepo kwetu, mwaka 1832 ungalionekana mezani kabla haujafika ukumbini.

Michezo sita huchezwa kwa wakati mmoja katika madarasa sita, na bahasha ile ile hufunguliwa katika madarasa yote, ili pasiwe na timu ya kusema mwenzangu kapewa maswali mepesi. Madarasa sita ni wasomaji sita na waandika alama sita. Ongeza mtu wa kukusanya matokeo na mwamuzi wa rufaa. Watu 14. Ukianza saa 2:30 asubuhi, kwa dakika 40 kila mzunguko, mizunguko mitano itakwisha kabla ya saa 6 mchana. Watu wakasali na kula, wakarudi saa 7:30, na kufikia alasiri hakuna kilichobaki isipokuwa fainali. Msomaji apewe nafasi ya kuyasoma maswali kwa sauti mbele ya mwenziwe kabla, khasa majina ya kigeni. Nimepata kumsikia msomaji akikwama kwenye jina la mwanasayansi hadi timu zote mbili zikacheka, na swali likafa.

Juu ya vifaa sitasema mengi. Vitufe vya umeme ni vizuri, lakini Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008 na takriban miezi mitatu tangu Disemba 2009, na tumejifunza. Kengele za mezani ziwepo karibu.

Linalohitaji maneno mengi zaidi ni rufaa. Kwa wenzetu nahodha wa timu akiona jibu limeamuliwa vibaya, huweka pingamizi, likaandikwa, na mchezo ukaendelea bila ya makelele. Mwisho wa mchezo hutazamwa kama pingamizi hilo linaweza kubadilisha mshindi. Kama haliwezi, hapana haja ya kupoteza wakati. Kama linaweza, mwamuzi hufungua vitabu. Akiona jibu lilikuwa sahihi, alama hurudishwa na matokeo hubadilishwa. Hakuna anayeona kwamba jaji amevunjiwa heshima. Kwetu sisi jaji akibadilisha uamuzi mbele ya watu huonekana ameshindwa, na akiwepo mgeni rasmi ndiyo kabisa. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mgeni rasmi asifungue mashindano. Aalikwe kwenye fainali peke yake, na saa ya kukabidhi kikombe isiandikwe katika barua yake, ila iandikwe "baada ya rufaa kukamilika". Waheshimiwa watatuwia radhi. Wengi wao, tunaamini, wangependelea kukabidhi kikombe kwa aliyeshinda.

Pengine msomaji atasema kwamba haya yote ni makubwa mno kwa mchezo wa wanafunzi. Ajue kwamba hata walikoanzia kuna waliochafua. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Harvard kilinyang'anywa ubingwa wa mara nne, baada ya kubainika kwamba mchezaji wake mmoja, ambaye pia alikuwa akiiandikia maswali ile taasisi inayoendesha mashindano hayo, alikuwa amefungua kurasa za ndani zilizoonyesha maneno ya mwanzo ya maswali yajayo. Hapakuwa na ushahidi wa hakika kwamba aliyatumia uwanjani. Waliona inatosha kwamba aliweza kuyaona. Katika vyuo vyetu maswali huchapwa katika duka la fotokopi lililo mlangoni mwa chuo, huku wachezaji wenyewe wamepanga foleni nyuma wakingoja kuchapa kazi zao. Hatuna haja ya kumtuhumu mtu yeyote. Tunasema tu kwamba bahasha zifungwe, zipigwe mhuri, zikae kwa mtu mmoja, na aandike kila mara anapozitoa.

Suala la nani aruhusiwe kuingia nalo limewahi kuzua mambo. Mwaka 1975 timu ya Chuo Kikuu cha Manchester iliingia studio nchini Uingereza ikiwa na malalamiko. Vyuo vilivyo ndani ya Oxford na Cambridge kila kimoja kiliruhusiwa kuleta timu yake, ilhali Manchester nzima ilihesabiwa timu moja. Vijana wale wakagoma kwa namna ya peke yake: swali baada ya swali walilijibu kwa kutaja Marx, Lenin, Trotsky au Che Guevara, hata liwe linahusu nini. Wapo wazee katika matawi yetu ambao wangalikifurahia sana kipindi kile. Lakini malalamiko yao yalikuwa ya haki, na kwetu yapo ya aina yake. Chuo kilicho mjini huleta timu tatu kwa miguu. Chuo cha Pemba huleta moja, kwa nauli ya kuchangishana. Kabla ya kununua fulana, nauli ya boti na godoro la kulalia liwe mstari wa kwanza katika jaduweli, na idadi ya timu iwe moja kwa kila chuo mpaka wa mbali nao waweze kuleta ya pili.

Barua ya mwaka huu imenifikia. Niliirudisha na masahihisho. Nimefuta fulana na nusu ya turubali, nikaandika: karatasi, bahasha na mihuri, chai ya waandishi wanane kwa vikao vya miezi mitatu, nauli za Pemba. Katibu wa kamati, kijana mwepesi wa akili, aliniuliza, "Ndugu, na mgeni rasmi tumwambie nini kuhusu chakula chake?" Nilimwambia atakula na wachezaji.

Kisha nikampigia simu yule msichana wa 1832. Sasa ni mwalimu, ana wanafunzi wake mwenyewe. Nilimwomba radhi kwa kukaa kwangu kimya siku ile, jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani, na nikamwomba aandike maswali 100 ya historia. Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kama mhariri atakuwa na idhini ya kumkatalia hata mkuu wa chuo. Nikasema atakuwa nayo kwa maandishi. Akasema nimpelekee kwanza hayo maandishi, ndipo aanze. Jina lake silitaji hapa, wala la chuo kitakachoandaa, kwa kuwa kanuni ya kwanza tuliyokubaliana ni kwamba waandishi wa maswali hawajulikani mpaka fainali iishe.